Umeme Unaokamata Vumbi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Kifua Mkoani Singida

Kati ya Juni na Oktoba ardhi ya Singida hukauka. Mvua za msimu mmoja huwa zimekwisha, mtama na alizeti huwa vimevunwa, na upepo wa uwanda wa kati huinua vumbi barabarani na viwanjani. Katika miezi hiyo hiyo mtu anayevua sweta la nailoni usiku husikia mlio mdogo wa kupasukapasuka, na pengine huona cheche gizani. Kitana cha plastiki kilichopitishwa kwenye nywele kavu hunyakua vipande vya karatasi. Vumbi na umeme tuli huonekana kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kwa kweli, umeme ni mojawapo ya njia bora ambazo binadamu amezipata za kukamata vumbi lililo jembamba kupita kiasi.

Somo hili linaeleza jinsi umeme unavyofanya kazi hiyo, mahali unapofaa na mahali usipofaa. Linaeleza pia jambo moja ambalo kila mhudumu wa kliniki ya kifua kikuu anapaswa kulijua kuhusu barakoa anayoivaa.

Vumbi linaloonekana na lisiloonekana

Vumbi lililotanda juu ya meza au kwenye nyusi za mtu aliyesafiri kwa pikipiki hukera, lakini silo la hatari zaidi kwa mapafu. Ukubwa wa vumbi hupimwa kwa mikromita, na mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe zenye mikromita 10 na kuzidi hunaswa kwa wingi na vinyweleo vya pua na ute wa koo, kisha hutolewa kwa kupenga, kukohoa au kumeza. Chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 hupita vizuizi hivyo, na nyingi kati yake hufika kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo damu hupokea oksijeni. Huko hakuna ute wala vinyweleo vya kuzisukuma nje. Kazi ya kuzisafisha hubaki kwa seli za ulinzi ambazo huzimeza chembe moja moja.

Chembe hizi laini hutoka katika vyanzo vingi mkoani Singida. Moshi wa kuni na mkaa ni chanzo cha kwanza, na huwagusa zaidi akina mama na watoto wanaokaa karibu na mafiga. Chanzo cha pili ni mawe. Miamba ya matale, yaani granaiti, iliyosimama kila upande wa mji wa Singida hupondwa kuwa kokoto za ujenzi. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kama vile Sekenke wilayani Iramba na Londoni wilayani Manyoni, mawe yenye dhahabu huchorongwa, hupondwa na kusagwa kwa karasha. Kazi hiyo ni ya zamani. Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916 dhahabu yake ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Dhahabu hiyo hukaa ndani ya kwatzi, jiwe jeupe lililo gumu kama kioo, na kwatzi ni madini ya silika. Seli ya ulinzi inapomeza chembe ya silika, chembe humwua mlinzi wake na kubaki palepale, tayari kumezwa na mwingine. Kila mara kovu dogo hujengeka. Makovu hayo yakiwa mengi huitwa silikosisi, ugonjwa ambao hauna dawa ya kuuponya.

Kwa nini vumbi laini halianguki

Kila kitu chenye uzito huvutwa chini, lakini hewa hukipinga. Kwa kitu kizito upinzani huo si kitu. Kwa chembe ndogo ndio kila kitu. Chembe ya jiwe yenye upana wa mikromita 10, ikiachwa katika hewa iliyotulia kwenye kimo cha pua ya mtu aliyesimama, hufika chini katika dakika 3 hivi. Chembe ya jiwe hilo hilo yenye mikromita 1 huhitaji saa 4 na zaidi. Hewa ya kawaida haitulii saa 4: mlango hufunguliwa, mtu hupita, upepo huvuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia kwenye banda la karasha jioni, mashine ikiwa imezimwa na hewa ikionekana safi, akavuta vumbi la mchana.

Mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa hutoa matone ya mate. Matone makubwa huanguka karibu naye. Madogo hukauka angani kabla ya kuanguka, na kinachobaki ni punje zenye mikromita 1 hadi 5 ambazo huweza kubeba vimelea na kuelea kwa saa kadhaa. Vumbi la jiwe na kimelea cha kifua kikuu ni vitu tofauti kabisa, lakini kwa upande wa safari yao hewani ni ndugu. Kinachoweza kukamata kimoja huweza kukamata kingine.

Basi, ikiwa uvutano wa dunia ni dhaifu mno kwa chembe hizi, panahitajika nguvu nyingine. Nguvu hiyo ni umeme.

Kinasavumbi kinavyofanya kazi

Kinasavumbi cha umeme ni chumba cha chuma ambamo hewa chafu hupitishwa polepole. Ndani yake mna mabamba mapana ya chuma yaliyosimamishwa kwa mistari, na katikati ya mabamba mna nyaya nyembamba zinazoning'inia. Kazi yake ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuipa chembe chaji. Nyaya huunganishwa na umeme wa makumi ya maelfu ya volti; kwa kulinganisha, umeme wa nyumbani ni volti 230. Nguvu hiyo ikijikusanya kwenye waya mwembamba huivunjavunja hewa iliyo karibu, na gizani huonekana mwanga hafifu wa buluu kandokando ya waya. Elektroni husukumwa mbali na waya, hushikamana na molekuli za hewa na kuzifanya ioni zenye chaji hasi. Ioni hizo hukimbia kuelekea kwenye mabamba, na njiani huzipiga na kuzing'ang'ania chembe za vumbi. Punde chembe ambayo haikuwa na chaji yoyote huwa imebeba chaji nyingi.

Hatua ya pili ni kuivuta. Mabamba yameunganishwa na ardhi, na chembe yenye chaji hasi huvutwa kuyaelekea kama kipande cha karatasi kinavyovutwa na kitana. Kwa chembe ndogo, mvuto huo huwa na nguvu mara nyingi kuliko uvutano wa dunia. Hewa huendelea na safari yake mbele. Vumbi hukengeuka pembeni na kuganda kwenye bamba.

Hatua ya tatu ni kuliondoa. Nyundo ndogo huyagonga mabamba kila baada ya muda, na tabaka la vumbi huanguka kwa mabonge katika chombo kilichowekwa chini. Vinasavumbi vingine huoshwa kwa maji badala ya kugongwa. Hatua hii ikipuuzwa, mabamba hujaa na mashine yote hupoteza nguvu.

Ubora wa njia hii ni kwamba hewa haizuiwi. Chujio la kitambaa huilazimisha hewa kupita kwenye matundu membamba, na feni hulazimika kufanya kazi kubwa. Katika kinasavumbi hewa hupita wazi kati ya mabamba. Nguvu ya umeme huishika chembe peke yake. Mitambo mizuri hunasa zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa vumbi.

Hata hivyo, asilimia ya uzito yapaswa kusomwa kwa uangalifu. Chembe moja ya mikromita 10 ina uzito sawa na chembe 1,000 za mikromita 1. Mtambo unaweza kunasa karibu uzito wote wa vumbi na bado ukaachia idadi kubwa ya chembe zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Chembe zilizo ngumu kuliko zote kunaswa si ndogo kabisa, bali za katikati, zenye mikromita 0.2 hadi 0.5 hivi. Kubwa kuliko hizo hupigwa na ioni nyingi. Ndogo kuliko hizo hutangatanga ovyo na kuvutwa kwa wepesi.

Malalamiko ya wakulima wa machungwa

Kwamba umeme unaweza kusafisha moshi kulijulikana mapema: Mjerumani Hohlfeld alionyesha jambo hilo ndani ya chupa mwaka 1824. Lakini mashine ya kuzalisha umeme mwingi na wa kudumu haikuwepo, na jaribio lililofanywa Wales miaka ya 1880 kwenye kiwanda cha risasi halikufaulu. Aliyefaulu ni Frederick Cottrell, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha California, ambaye alipata hataza yake mwaka 1908.

Miaka michache baadaye njia yake ilipelekwa kwenye kiwanda cha saruji karibu na mji wa Riverside, California, ambako wakulima wa machungwa walikuwa wamekwenda mahakamani kwa sababu vumbi lilifunika miti yao. Kinasavumbi kilifungwa, na uvumbuzi ule ukaenea. Cottrell hakujitajirisha kwa hataza zake. Mwaka 1912 alizitoa kwa shirika lililotumia mapato yake kugharimia utafiti wa kisayansi. Leo vinasavumbi vya aina hii vipo duniani kote katika viwanda vya saruji, mitambo ya umeme wa makaa ya mawe na viwanda vya kuyeyushia madini.

Kisa hiki kina fundisho kwa afya ya jamii. Vumbi la Riverside lilizuiwa kwenye mdomo wa bomba, kabla halijatawanyika. Likishatawanyika, hakuna mashine inayoweza kulikusanya kutoka angani.

Mahali ambapo kinasavumbi hakifai

Msomaji wa Singida anaweza kuuliza mbona mashine hii haifungwi kwenye kila karasha, kila kinu na kila jiko. Jibu linatofautiana kwa kila mahali.

Kwenye karasha na machimbo, vumbi la kwatzi kavu huupitisha umeme kwa shida sana. Likifika kwenye bamba haliachii chaji yake; tabaka hujaa umeme, huusukuma nyuma, na chembe zilizokwisha kunaswa hurudi hewani. Kwa mawe, silaha bora ni maji: kulowanisha jiwe kabla ya kulipasua na kulitoboa, kunyunyiza mahali vumbi linapozaliwa, na kuifunika mashine. Chembe iliyolowa hushikamana na nyingine, huwa nzito na kuanguka. Maji hayo hugharimu juhudi katika mkoa mkame, lakini mapafu hayabadilishwi.

Kwenye vinu vya nafaka hatari ni ya namna nyingine. Vumbi la unga huweza kuwaka kwa mlipuko, na kinasavumbi hutoa cheche mara kwa mara. Hapo hutumika chujio za kitambaa na vyombo vya kuizungusha hewa ili vumbi litupwe pembeni.

Jikoni, mafiga matatu hayana bomba la moshi ambamo kinasavumbi kingewekwa, na umeme wenyewe hukatika au haupo. Barani Ulaya vipo vinasavumbi vidogo vya kufungwa kwenye bomba la jiko la kuni, lakini huhitaji bomba, umeme wa uhakika na fundi. Zaidi ya hayo, kinasavumbi hukamata chembe tu, hakikamati gesi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, hupita kati ya mabamba bila kuguswa. Kwa sababu hiyo dawa ya moshi wa jikoni ni kubadili nishati yenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya kufikia hapo, kuni zilizokauka vizuri, jiko banifu lenye bomba, dirisha lililo wazi na kupikia nje pale inapowezekana hupunguza madhara.

Barakoa: kinasavumbi kisicho na waya

Kanuni hii hii imo mfukoni mwa mhudumu wa afya. Barakoa ya N95, na ile ya FFP2 inayokaribiana nayo, si kitambaa kilichofumwa kwa kubana tu. Ingekuwa hivyo, matundu yake yangelazimika kuwa membamba kiasi kwamba mvaaji asingeweza kupumua. Katikati yake mna tabaka la nyuzi nyembamba za plastiki ambazo kiwandani zilipewa chaji ya umeme ya kudumu. Chembe kubwa hujigonga kwenye nyuzi na kubaki. Chembe ndogo kabisa hutangatanga na kuzigusa. Chembe za katikati, ambazo zingepenya, huvutwa na chaji. Ndivyo barakoa inavyoweza kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio zenye mikromita 0.3 hivi, huku hewa ikipita kwa wepesi.

Chaji hiyo haionekani, na hupotea bila kuacha alama. Barakoa iliyofuliwa kwa sabuni, iliyolowekwa kwenye jiki au iliyopuliziwa spiriti huweza kutoka safi, nyeupe na yenye umbo lile lile, lakini uwezo wake wa kukamata chembe laini ukawa umeshuka sana. Mhudumu aliyeiosha kwa nia njema huingia kwenye chumba cha wagonjwa akidhani amelindwa. Hilo ni hatari kuliko kujua kwamba hana kinga, kwa kuwa asiye na kinga hufungua dirisha na kupunguza muda wa kukaa.

Barakoa ya N95 basi haifuliwi. Pale ambapo upungufu unalazimisha kuitumia tena katika huduma za kifua kikuu, itumiwe na mtu yule yule, ihifadhiwe katika mfuko safi wa karatasi unaoruhusu hewa, na itupwe inapolowa, inapochafuka, inapochanika au kamba zake zinapolegea. Ivaliwe ikiwa imeshika uso pande zote. Ndevu huacha mianya, na hewa hupenda njia iliyo rahisi. Mgonjwa anayekohoa huvaa barakoa ya kawaida ya hospitali, ambayo kazi yake ni kukamata matone makubwa kabla hayajakauka na kuwa punje zinazoelea.

Kwa mchimbaji, kitambaa au kipande cha khanga kilichofungwa puani huzuia vumbi linaloonekana na kuliacha lile lisiloonekana lipite. Kulilowesha kwa maji hakubadilishi jambo hilo vya kutosha. Hata barakoa bora ni kinga ya mwisho, baada ya maji, kufunika mashine na kupunguza muda wa kukaa vumbini.

Mashine za kusafishia hewa chumbani

Zipo pia mashine ndogo za vyumbani zinazotumia umeme tuli au kutoa ioni. Baadhi huzalisha ozoni, gesi inayowasha njia ya hewa na kumzidishia shida mwenye pumu. Mabamba yake yakikosa kuoshwa hubaki mapambo. Kwa zahanati yenye bajeti ndogo, madirisha mawili yanayotazamana na kuachwa wazi, wagonjwa wanaokohoa kusubiri kwenye kivuli nje, na samani kupangwa ili hewa itoke kwa mhudumu kuelekea kwa mgonjwa na kisha nje, huwa na faida kubwa kuliko mashine isiyotunzwa. Upepo wa Singida, unaolaumiwa kwa kuleta vumbi, ndio mfagio wa bure wa vimelea.

Swali lisilopaswa kusahauliwa

Mtu mwenye silikosisi yuko katika hatari ya kupata kifua kikuu mara 3 au zaidi kuliko asiye nayo, kwa sababu walinzi wa mapafu yake wamekwisha kuuawa na silika. Magonjwa haya mawili hufanana pia: kikohozi, kuishiwa pumzi, kupungua uzito, na vivuli kwenye picha ya eksirei. Mgonjwa huweza kutibiwa kifua kikuu ambacho hana; mwingine huweza kuambiwa ni vumbi tu, kumbe anacho. Vipimo vya makohozi ndivyo hutenganisha.

Kwa hiyo mhudumu anayempokea mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, hupima makohozi na pia huuliza: umewahi kufanya kazi gani? Jibu la "mkulima" halitoshi mkoani Singida, ambako mkulima wa masika huweza kuwa mchimbaji wa kiangazi, na mama muuza mboga huweza kuwa aliponda kokoto miaka 10. Kazi hiyo iandikwe kwenye faili pamoja na miaka yake.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Silikosisi huweza kujitokeza miaka 10 au 20 baada ya kuanza kazi ya vumbi, na huweza kuendelea hata baada ya kuiacha. Aliyewahi kuchoronga, kuponda au kusaga mawe, au kukaa kwenye banda la karasha, alitaje hilo hata kama halijaulizwa, na hata kama machimbo yale yamekwisha kufungwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini, na kifua kikuu, tofauti na silikosisi, hupona.

Mambo ya kukumbuka

Vumbi la hatari zaidi ni lile lisiloonekana, nalo hukaa hewani kwa saa nyingi. Umeme hulikamata kwa kulipa chaji, kulivuta na kuliondoa, lakini hufaa pale tu hewa inapopita njia moja na mashine inapotunzwa. Kwa mawe tumia maji. Kwa jiko badili nishati. Kwa chumba cha wagonjwa fungua madirisha. Barakoa ya N95 hubeba chaji isiyoonekana, kwa hiyo isifuliwe wala isipuliziwe dawa. Na kwa kila kikohozi kisichoisha, pamoja na kopo la makohozi, liwepo swali la kazi.